Nani Atamjibu Nkwabi

Sauti ya Masalu ilitoka kwenye spika kabla watu hawajajua inatoka wapi. Sabina alikuwa ameinama akimenya vitunguu kwenye kibanda cha Gladness, mpika wali wa pale Igoma. Akainuka na kisu mkononi, kama mtu aliyeitwa.

Alijua kwamba ni simu tu. Ruhusa alikuwa ameitoa yeye mwenyewe. Baada ya ibada ya arobaini, Venant, mpiga ngoma mkuu wa kikundi cha Masalu, alimfuata nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema nyimbo za marehemu wanazo kwenye simu, na Taher muuza vitenge amekubali kuwaazima spika. Wangepiga sauti yake, wao wacheze, mashindano yaendelee kama kawaida. Sabina alikubali. Alidhani atafurahi kumsikia mume wake.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwaka uliopita, na ulikuwa wa kumtukana Nkwabi, mpinzani wake.

*Nkwabi wa Mkolani, unapasua jiwe, jiwe linakucheka,*
*kichwa chako kigumu, ungegongea hicho!*

Mwaka uliopita watu walianguka chini kwa kicheko. Safari hii walitazamana. Ng'ambo ya uwanja, Nkwabi mwenyewe, pande la mtu, mabega mapana kama mlango, alivua kofia yake akaishika kifuani. Wachezaji wake, wapasua mawe wenzake, nao wakainamisha nyundo zao chini. Mama mmoja akaanza kulia, wa pili akampokea. Wimbo ulipokwisha, simu ikaruka yenyewe kwenye wimbo mwingine, na Masalu akaendelea kumtukana mtu aliyesimama kimya mbele yake amevua kofia.

Watu waliondoka mapema siku ile, wakiagana kwa sauti ya chini kama watokao makaburini. Wali wa Gladness ulibaki sufuriani.

Ili mtu aelewe jambo hili, inabidi aujue uwanja ule ulivyokuwa. Mbina ya Igoma, yaani ngoma ya mashindano, ilikuwa na kanuni moja ambayo hata mgeni aliielewa. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja na upande wake. Hakuna jaji. Watazamaji wanahukumu kwa miguu, na upande uliojaa ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila kikundi kina ningi wake, mtunzi na mwimbaji, ambaye kazi yake ni kumtukana ningi mwenzake kwa wimbo mpaka watu wa upande ule wacheke, wasogee, wahame. Aliyetukanwa anajibu palepale. Asipojibu, amekwisha.

Vijijini Usukumani mambo hayo hufanywa baada ya mavuno. Masalu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, hakuwa na shamba hata la mchicha, lakini alisema mji nao una mavuno yake, akaiweka mbina Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kule kijijini wachezaji hurusha majembe hewani na kuyadaka. "Hapa Igoma nani ana jembe?" aliuliza Masalu, na vijana wa gereji wakajifunza kurusha spana. Waligonga ringi za magari kama kengele. Na nyimbo alizichanganya Kisukuma na Kiswahili, ili Mhaya, Mjaluo na Mhindi wacheke siku hiyohiyo, wasisubiri kutafsiriwa.

Ndipo uwanja uliokuwa wa vumbi na mbuzi ukawa kitu. Walitoka watu Buzuruga, walitoka Kisesa. Vinyozi wakaja na vioo vyao, wachoma mishkaki wakaja, washona nguo wakaweka cherehani chini ya turubai kwa sababu kila mchezaji alitaka kitenge kipya. Gladness, aliyekuwa akitembeza maandazi kwenye beseni, akasimamisha kibanda. Siku za kawaida nazo zikachangamka, maana mtu akishaizoea njia haachi kupita.

Masalu aliugua masika, na masika hayohayo wakamzika.

Mwezi uliofuata walipiga tena ile spika. Waliokuja walikuwa wachache zaidi, na Nkwabi akavua tena kofia. Kinyozi wa kwanza akahamishia kioo chake stendi. Halafu asubuhi moja Gladness alikuta vigingi uwanjani, vimepakwa rangi nyekundu vichwani, vimepigiliwa kwa mstari kuanzia kibanda chake mpaka kwenye mawe makubwa upande wa pili.

"Maegesho ya malori," mtendaji wa kata aliwaambia Sabina na Gladness walipomfuata. Alikuwa mtu mpole, akazungumza nao akiwa amesimama juani kama wao. "Mama zangu, mimi sina ugomvi na ngoma. Lakini kamati inaniuliza uwanja unafanya kazi gani, nami niwajibu nini? Kwamba tunasikiliza simu ya marehemu? Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na wanakamati waone wenyewe. Wakikuta watu, nitakuwa na la kusema. Wakikuta mbuzi, malori yanaingia."

Sabina alirudi na Gladness kibandani, wakakaa. Nywele zake, zilizonyolewa siku za msiba, zilikuwa zimeanza kuota, na kila alipofikiri alizipapasa.

"Unajua kinachoniuma, Gladness?" alisema. "Kaburi lake liko kijijini kwao, mbali. Nikimpigia binti yetu Rose nikataja jina lake, ananikatia simu kwa kulia. Hapa ndipo mahali pekee watu walipokuwa wanamtaja huku wanacheka. Wakiweka malori, atakuwa amekufa moja kwa moja."

"Na mimi nitarudi kwenye beseni," alisema Gladness. "Kila mtu na kilio chake, Mama Rose."

Taher alikuja kuchukua spika yake. Alikuwa mzee mwembamba, Mhindi wa Kibohora, mwenye kofia nyeupe ya mviringo iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu. Duka la familia lilikuwa mjini kati tangu enzi za babu yake, na tawi la Igoma alilifungua kwa ajili ya wale wachezaji na vitenge vyao. Hakuichukua mara moja. Aliketi juu yake.

"Mama Rose, nikwambie kitu usikasirike," alisema. "Hii spika mimi nisingeleta tena. Si kwamba nakunyima."

"Sema tu, baba."

"Babu yangu alizaliwa hapahapa Mwanza. Mimi pia. Lakini maisha yangu yote watu wananiambia 'karibu Mwanza', kama nimeshuka juzi. Siku Masalu aliponiimba, unakumbuka?"

Gladness alikumbuka, akaimba kwa sauti ya chini huku akichochea moto: "*Taher anapima kitenge kwa kidole, kidole chenyewe kimepungua...*"

Taher akainua kidole chake cha shahada, ambacho ncha yake ilikatwa na mlango wa gari utotoni, akakitazama kwa heshima. "Uwanja mzima ulinicheka. Nilirudi nyumbani nikamwambia Sherbanu: mke wangu, leo nimetukanwa, basi sisi ni watu wa hapa. Mtu hamtukani mgeni hivyo. Mgeni anapewa kiti." Akakishusha kidole. "Sasa Nkwabi anamvulia Masalu kofia. Anampa kiti. Amemfanya mgeni."

Sabina aliacha kupapasa nywele zake.

Kesho yake alipanda kwenda Mkolani, kwenye mlima wa mawe ambako Nkwabi na wenzake walipasua kokoto. Walikoka moto wa matairi juu ya mwamba mpaka ukapata ufa, kisha wakaumaliza kwa nyundo. Nkwabi alimwona kutoka mbali, akashuka upesi, akafuta mikono kwenye suruali, akatandika gunia juu ya jiwe ili akae.

"Shemeji, umepanda mwenyewe na jua hili? Ungeniita ningekuja."

"Mwenye shida ndiye anayetembea." Hakukaa. "Nimekuja kukuomba umtukane mume wangu."

Nkwabi alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Wenzake wawili walioshika nyundo wakaziteremsha polepole.

"Shemeji, pole. Huzuni inaweza..."

"Sina wazimu, Nkwabi. Jumamosi kamati inakuja. Ukivua kofia tena, uwanja umekwenda. Simama pale umtukane kama ulivyokuwa unamtukana."

"Maiti?"

"Watani hawatanii msibani? Hawalali kwenye kaburi wakidai pombe?"

"Hao ni watani. Mimi si mtani wake, mimi nilikuwa mpinzani wake. Mpinzani akimtukana mfu ni mhuni, na watu watanipiga mawe, na mawe haya ninayo mengi." Alijaribu kucheka, ikashindikana. Akakaa yeye juu ya lile gunia. "Nikuambie ukweli, shemeji. Matusi yake ninayo. Yanakuja yenyewe. Nagonga jiwe hapa, mstari unaingia, mtamu, nasema huu nikimpiga nao Masalu atakaa chini. Halafu nakumbuka. Nabaki na mstari kama mtu aliyepika chakula cha wageni, wageni wasije."

Sabina alikaa kando yake. Chini yao mji uliendelea mpaka ziwani, mabati na mawe, mawe na mabati.

"Basi nami nikuambie," alisema. "Mimi silali vizuri tangu siku ile ya spika. Alikuwa anakuita, na wewe humjibu. Miaka yote ile, nyumbani kwangu jina lililotajwa kuliko langu ni lako. Nikimwandalia chai anasema, 'Nkwabi kesho nitamkaanga.' Ukimnyamazia, nani mwingine alimjua hivyo?"

Nkwabi aliinamisha kichwa, akaokota kokoto, akaitupa.

"Na nani atanijibu?" aliuliza mwishowe. "Hapo ndipo penye kazi, shemeji. Tusi lisilojibiwa ni tusi tu. Likijibiwa ndiyo inakuwa mbina. Venant anajua ngoma, mdomo hana. Nani atanijibu?"

"Hilo niachie mimi."

Aliteremka mlima akiwa hana jibu lolote.

Jumamosi ilipofika, spika haikuonekana uwanjani. Venant alizunguka akiitafuta, na alipoambiwa na Sabina kwamba amemwomba Taher asiilete, alikaribia kuipiga teke ngoma yake mwenyewe.

"Mama Rose, tutacheza bubu? Mbele ya kamati?"

"Pigeni tu."

Watu walikuwepo kiasi, waliovutwa na habari za vigingi zaidi ya ngoma. Mtendaji alisimama karibu na kibanda cha Gladness na wanakamati wake, wakikunjua mwavuli. Vijana wa gereji walianza kucheza. Spana zilipanda, zikadakwa, ringi zikalia, lakini katikati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyethubutu kuikanyaga. Ng'ambo, nyundo za Mkolani zilijibu. Nkwabi alisimama na kofia yake kichwani. Aliigusa. Sabina alimwona akiigusa, akafikiri, anaivua. Hakuivua. Aliikandamiza mpaka masikioni, akavuta pumzi, akapiga sauti:

*Masalu wa Igoma alichomelea geti la baa,*
*likafungwa jioni, mpaka leo halifunguki!*
*Walevi wako ndani, wanakunywa bure,*
*fundi akaulizwa — akakimbilia kaburini!*

Ngoma zilikatika. Spana moja ilianguka chini, na kila mtu aliisikia.

"Amesema nini huyu?" mtu aliuliza.

"Mshenzi! Mwenzako hajaoza!"

Venant alikuwa ameshavua mkanda wa ngoma, na vijana wawili walikuwa nyuma yake. Nkwabi hakusogea. Alisimama akimtazama Sabina peke yake, jasho likimtiririka, na usoni pake alionekana mtu aliyeruka mto kwa kuambiwa ng'ambo kuna mkono wa kumpokea.

Sabina alijikuta ameshapita wachezaji. Alisimama katika ile nafasi tupu. Sauti yake haikuwa nzuri, haikupata kuwa nzuri, hata kanisani alikaa viti vya nyuma. Na hakuwa ametunga kitu. Alikuwa na jambo moja tu aliloliona kwa macho yake siku ya mazishi na kulificha kwa adabu. Akaliimba kwa ule mwendo wa Masalu, kwa kuwa ndio pekee aliojua:

*Nkwabi, aliyekimbia ni nani?*
*Siku tunazika nilikuona mimi,*
*nyuma ya simtanki, umekumbatia kofia,*
*unalia kama ndama aliyenyimwa ziwa!*

Kisha Nkwabi, pande lile la mtu, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakaanza kutikisika, na haikujulikana analia au anacheka mpaka alipoiondoa, ikaonekana anafanya yote mawili.

"Ni kweli!" alipiga kelele mmoja wa wapasua mawe. "Hata mimi nilimwona!"

Ndipo kicheko kikatoka. Kilianzia kwa akina mama wa nyanya, kikaenda mpaka kwa bodaboda waliokaa juu ya pikipiki zao barabarani. Venant alisimama na mkanda mkononi, akautazama, akauvaa tena, akaipiga ngoma kama mtu anayedai haki. Watu walisogea upande wa Igoma kwa wimbi moja. Nkwabi akawarudisha kwa mstari kuhusu Venant na viatu vyake. Gladness, mwiko mkononi, akamjibu kutoka kibandani bila kuombwa. Taher akainua kidole chake kifupi juu na watu wa karibu wakamwimbia wimbo wake, wote, mpaka mwisho. Waliokuwa wanapita barabarani wakashuka kuuliza kuna nini. Wimbo wa jiwe na kichwa kigumu ukaimbwa na uwanja mzima, na jina la Masalu likatajwa mara nyingi, kwa sauti kubwa, na vinywa vilivyokuwa vinacheka.

Igoma walishindwa. Hilo lazima lisemwe. Sabina alikuwa na wimbo mmoja tu, naye Nkwabi alikuwa na matusi ya miezi. Jua lilipoteremka kuelekea ziwani, upande wa Mkolani ulikuwa umejaa mpaka juu ya mawe, na upande wa Igoma walibaki wachezaji na ndugu zao. Kadiri Nkwabi alivyomtukana marehemu ndivyo alivyozidi kutabasamu, kama mtu anayetua mizigo mmoja mmoja.

"Igoma mmelala!" alisema alipokuja kuwapa mikono. "Kwa desturi, aliyeshindwa ndiye anayeomba marudio. Mnaomba au mnakimbia kama fundi wenu?"

"Tunaomba," alisema Sabina. "Mwisho wa mwezi ujao. Njoo na kitambaa, usije ukalowesha kofia nyingine."

Nkwabi alitaka kujibu, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili. "Wabeja, mayu," alisema kwa Kisukuma, taratibu. Asante, mama.

Mtendaji wa kata alikuwa anatafuta pa kupita. Vigingi vingine vilikuwa vimeng'olewa na miguu ya wachezaji, kimoja Gladness alikuwa amekifungia kamba ya turubai lake. Mtendaji alikitazama, akawatazama wanakamati wake, ambao mmoja wao alikuwa ameketi kwenye benchi la Gladness, sahani ya wali mapajani, na hakuwa na haraka ya kunyanyuka.

"Vikusanyeni vizuri, mniletee ofisini," mtendaji aliwaambia vijana wa gereji. "Msivivunje. Nitatafuta pengine pa kuvipigilia."

Gladness aligeuka upande akajifuta macho kwa kanga, akasema ni moshi.

Sabina alirudi nyumbani kwa miguu kabla giza halijaingia. Geti la uani lilikuwa kazi ya Masalu mwenyewe, na kama kazi zote ambazo fundi huzifanya nyumbani kwake, lilikuwa na kasoro: liliburuta chini, likamtaka mtu alinyanyue kidogo ndipo lifunguke. Aliahidi kulirekebisha kila mwaka. Sabina aliushika ule mpini, na mstari wa Nkwabi ukamrudia, geti lisilofunguka, walevi ndani, fundi akakimbilia kaburini. Uso wake ukalowa palepale, mbele ya majirani, na hakuuficha.

Kisha akachukua funguo, akagonga nazo chuma taratibu, kama Masalu alivyokuwa akifanya alipotafuta mapigo ya wimbo.

"*Geti la Masalu halikatai kufunguka...*" alisema kwa sauti ya chini.

Hapana. Alifuta. Akagonga tena.

"*Nkwabi, geti la Masalu linataka kunyanyuliwa, wewe unalisukuma kwa tumbo...*"

Jirani aliyekuwa anaanua nguo alicheka upande wa pili wa ukuta. Sabina aliusikia mcheko ule, akaurudia mstari kwa sauti kubwa kidogo.